Isipungue, Isizidi

Madam wangu,

Sauti yako imeanza kunitoka, lakini sauti ya rula yako bado ninayo. Ile rula ndefu ya mbao ikiteleza ubaoni. Uliiegemeza kiulalo, ukaisukuma polepole bila kuipindisha, ikapita juu ya lile eneo ulilolipaka chaki, shhh, na sisi tukaacha kuandika. Ilipofika kwenye kona ya mwisho, pale ambapo ukiisogeza kidogo tu inatoka nje ya eneo, uliisimamisha ukaigonga kona ile kwa ncha ya chaki. Mara moja. Darasa zima lilikuwa limekwisha kuona kwamba jibu liko pale.

Naisikia alfajiri, katika ule muda ambao sijalala wala sijaamka, kabla jirani zangu hapa Kitete hawajaanza kufagia uwanja. Siku nyingine rula haitelezi ubaoni bali juu ya nchi yenyewe. Naiona ikitoka upande wa Kwihara, ndefu kama barabara, ikisukumwa na mkono nisiouona, ikipita juu ya mashamba ya karanga na misitu ya miombo kuelekea Ujiji. Chini yake watu wanatembea kwa mstari mmoja na mizigo vichwani. Nawatazama nikingoja igonge. Haigongi. Naamka.

Ni miezi minne sasa. Ulitutoka wiki ile ile mvua zilipokatika, na leo nyasi zote zimeungua na moshi unakaa mjini kutwa. Kiti chako ofisini anakikalia mwalimu mpya wa jiografia, kijana mpole. Hajui amekalia kiti cha nani, nami sikumwambia. Kaka yako Seif bado anauza vitambaa pale Mtendeni. Nikipita ananiita ndani, ananipa kahawa, kisha tunakaa kimya kwa sababu hatuna la kuzungumza zaidi yako, na hilo linatuwia gumu wote wawili. Mwezi uliopita alinipa sanduku lako la makaratasi. Alisema familia nzima haikuwahi kuelewa kwa nini binti wa duka alikwenda kula vumbi la chaki, basi afadhali likae kwa mtu anayeelewa.

Siku ya mazishi nilikaa jamvini na shangazi zako, Mkristo peke yangu, Mmoraviani, wakanipa kanga ya kujitanda bila kuniuliza chochote. Wanaume walipokubeba, nilijikuta nahesabu hatua zao hadi nilipoacha kuzisikia. Ungenicheka.

Nakuandikia kwa sababu kuna mambo mawili huyajui. Moja limetokea shuleni wiki iliyopita. Jingine lilitokea nikiwa mwanafunzi wako wa kidato cha pili, na sikuwahi kukwambia, hata mwaka mzima tuliofundisha pamoja hesabu, meza yako na yangu zikigusana.

Unakumbuka swali lako la msafara? Ulilitoa kila mwaka kwa kidato cha nne, ulipofika kwenye ile mada wanafunzi wanayoiita linia, ya kutafuta jibu lililo bora ndani ya masharti uliyopewa. Tajiri wa Tabora anapeleka vitambaa na shanga Ujiji. Mzigo wa mpagazi mmoja usizidi kiasi hiki, vitambaa visipungue kiasi hiki, wapagazi wenyewe wasizidi idadi hii. Achukue nini na kwa wingi gani ili apate faida kubwa kuliko zote? Mwaka wetu tulichora mistari, tukapaka eneo, tukapata kona. Lakini kuna kitu kilinikera katika swali lile. Nilikaa nacho siku mbili kwa sababu sikujua posho inaitwaje kwa Kiingereza, na darasani kwako Kiswahili kilikuwa marufuku. Siku ya tatu nilinyoosha mkono nikauliza, kwa Kiingereza cha kuokoteza, wapagazi wanakula nini, na chakula chao kimo ndani ya mzigo wa nani.

Uligeukia ubao, ukaandika sharti jingine chini ya yale ya mwanzo, ukachora mstari mpya, na eneo letu likakatwa karibu nusu. Kona ya zamani ikabaki nje, hewani. Wenzangu walinung'unika kwamba nimewaongezea kazi. Wewe ukaweka chaki chini, ukasema kwamba eneo limekuwa dogo lakini sasa ni la kweli, na kwamba mtu anayejua hesabu haishii kutafuta kona, anauliza pia masharti yameandikwa na nani. Nadhani niliamua kuwa mwalimu siku ile, ingawa sikujiambia hadi miaka kadhaa baadaye.

Nilipokuja kuwa mwenzako, swali lile ndilo lililozaa utani wetu. Ofisini, ambako sisi walimu tunaongea Kiswahili kutwa nzima, uliniita mpagazi. "Mpagazi, lete chai." Nami nikakujibu, "Tajiri, mzigo umezidi." Uliwaambia wenzetu kwamba ukoo wako ulipanga mizigo na ukoo wangu uliibeba, ndiyo maana wewe ni hodari wa kona na mimi ni hodari wa masharti. Hakuna mwingine ambaye angenitania hivyo nikacheka.

Sasa lile la kidato cha pili.

Nilikuwa nimetoka Ziba, kwa wazazi wangu wakulima, na Kiswahili changu chenyewe kilikuwa bado kina Kisukuma ndani yake. Asubuhi moja nilikukuta langoni umebeba madaftari. Nikapiga goti kidogo kama nilivyolelewa, nikasema, "Shikamoo, Madam." Ulisimama. Ulitoa kibao mkobani, kile kipande cha mbao chenye kamba ya katani, kilichoandikwa kwa Kiingereza kwamba mvaaji ameongea Kiswahili, ukanivisha shingoni. Hukuwa na hasira. Ulininyoosha hata kola ya shati. Kanuni ilikuwa yako, uliileta wewe mwenyewe shuleni, na kila mtoto aliijua: kibao unakaa nacho mpaka umsikie mwenzako akiongea Kiswahili, umvishe yeye.

Mimi sikumvisha mtu. Nilikaa nacho siku tatu, maana kila aliyejisahau alikuwa ananiambia pole. "Pole, Milembe." Ningewezaje kumvisha? Siku ya nne ulikuja kukichukua mwenyewe, ukidhani sikuijua kanuni.

Kibao hakikuniuma sana. Kilichoniuma ni kwamba hukuitikia. Sikuwahi kumwamkia mtu mzima akaiacha salamu yangu hewani. Tangu asubuhi ile hadi namaliza kidato cha nne sikuuliza kitu darasani kwako, isipokuwa lile swali moja la posho. Na wewe uliniandika kwenye ripoti kwamba ni mwanafunzi mtulivu.

Hukujua. Au ulijua. Ndiyo maana nafika kwenye ugonjwa wako, nami sipendi kufika huko.

Ulipolala kitandani kwa ugonjwa uliniachia kidato cha nne. Niliwafundisha linia kama ilivyo kitabuni, kwa Kiingereza kitupu, kwa uangalifu mwingi, nikijiona mwalimu hodari. Zoezi nililitunga mwenyewe: mkulima wa Ziba ana shamba lisilozidi ekari kumi na mbili, analima mahindi na alizeti, mahindi "at least" ekari tatu, alizeti "at most" ekari sita. Nikakuletea madaftari nyumbani Mtendeni kwa sababu ulisema kusahihisha kunakusahaulisha maumivu. Uliegemea mito miwili. Ulisahihisha daftari la kwanza, la pili, la tatu. Kwenye la tano uliacha, ukaniambia niyafungue yote niyapange juu ya shuka, na hapo nikaona kitu ambacho sikukiona nilipoyakusanya. Darasa zima, isipokuwa watoto wawili, lilikuwa limepaka upande usio wake. Mahindi wameyaweka chini ya ekari tatu. Alizeti wameipeleka juu ya sita.

"Hawajakosea hesabu," ulisema. "Wamekosea neno."

Ulieleza taratibu, kama mtu anayejieleza mwenyewe. Mtoto anasikia "least", anasikia uchache, anakwenda chini. Anasikia "most", anasikia wingi, anakwenda juu. Mistari yao ilikuwa imenyooka. Namba zilikuwa sahihi. Kivuli kimepakwa kwa penseli, safi, kwa bidii, mahali ambapo shamba halipo. Ukaandika pembeni mwa daftari lililokuwa karibu nawe: isipungue. Chini yake: isizidi. Halafu ukaniuliza kwa nini hakuna hata mmoja aliyeuliza maana.

"Wanaogopa kibao, Madam."

"Bado kipo?"

"Kipo."

Nilitaka kukwambia habari yangu hapo hapo. Lakini ulikuwa umegeukia dirisha, na mpwa wako alikuwa anaingia na uji, na mimi ni mtu wa kuacha mambo yapite. Ulipogeuka tena ulisema, "Mimi ndiye niliyekileta. Nakitoa. Mwambie mkuu."

Siku mbili baadaye nilirudi. Nilikuamkia mlangoni kwa sauti ndogo, nikidhani umelala. "Marahaba," ulisema. Nikaketi. Ukafumba macho, mpaka nikaanza kusikia cherehani ya fundi wa jirani. Kisha ukasema tena, "Marahaba, Milembe." Hukuniita mpagazi.

Ile ya pili ndiyo nisiyojua niiweke wapi. Pengine homa ilikusahaulisha kwamba umekwisha kuitikia. Pengine ilikuwa ya langoni, imechelewa miaka yote hiyo. Nimeipindua kila upande na nimeacha kuitafutia jibu. Hiyo ndiyo mara ya mwisho ulipolitaja jina langu.

Nilimwambia mkuu, tulipokwisha kukuzika. Si mtu mbaya, unamjua. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema maneno ya mgonjwa ni maneno ya mgonjwa. Kama ulitaka kibao kiondoke ungeandika. Alisema wazazi wa mjini wanatuletea watoto kwa ajili ya Kiingereza. Akaongeza kwamba linia yenyewe ni bora tuiruke mwaka huu, wanafunzi wajibu maswali mengine kwenye mtihani. Nikanyamaza. Ndiyo, mimi. Nilinyamaza miezi mitatu. Fomu yangu ya kuthibitishwa kazini iko mezani kwake inangoja sahihi, na kule Ziba baba amekwisha kuwaambia majirani kwamba binti yake sasa ni mtumishi kamili. Nilijiambia nasubiri wakati mzuri. Asubuhi nikiisikia rula yako, niligeukia ukutani.

Wiki iliyopita, kipindi cha alasiri, uvumilivu uliniisha. Sikupanga. Nilimwona Nyamizi akipaka kivuli kwenye swali la marudio, ametulia, ulimi umetokeza pembeni mwa mdomo, anapaka vizuri kabisa upande usio wake. Nyamizi ni binti wa mama anayeuza mchele sokoni, na mpaka siku ile nilimjua kwa mwandiko tu. Nikafunga kitabu. Nikaandika ubaoni yale maneno yako mawili, nikaanza mada upya, kwa Kiswahili.

Sikufika mbali. Nyamizi alisimama bila kuitwa.

"Isipungue tatu, Madam, si maana yake tatu ruksa, nne ruksa, hata kumi ruksa? Mbili ndiyo haina ruhusa. Sasa mbona wote tulipaka kwenye mbili?"

"Kumbe Nyamizi ana mdomo," Hamisi alisema kutoka dawati la nyuma.

"Ninao. Wewe ndiye ulipaka mpaka ukatoka nje ya daftari."

Walicheka wakasahau wako wapi. Wakaanza kumgombania mkulima wangu. Mtu gani wa Ziba asiye na ng'ombe, na ng'ombe hao watalala kwenye alizeti? Mbegu amekopa au anayo? Mmoja alitaka kujua nani alimpangia mahindi yasipungue tatu, mke wake au serikali. Nilisimama kando ya ubao, Madam, mikono imejaa chaki, na kwa muda kidogo nilihisi darasa limepoteza kuta zake. Nilihisi kwamba nikigeuza kichwa haraka nitakuona umekaa kwenye dawati la mwisho, umekunja mikono, unasikiliza.

Kelele zilimleta mwalimu wa zamu. Alikuta Kiswahili kimejaa chumba, na aliyesimama ni Nyamizi. Akatoa kibao mfukoni, akamvisha. Darasa likazimika. Nyamizi aliketi, akavuta daftari lake karibu, akaanza kufuta. Hakulia. Alifuta tu, hata yale aliyokuwa amepata.

Nilikwenda hadi kwenye dawati lake. Nikasema kwa Kiswahili, ili kila mtu asikie, "Kanuni ni kumvisha aliyeongea. Nimeongea. Nivishe mimi."

Hakutaka. Alimtazama mwalimu wa zamu, akanitazama mimi. Nikapiga goti mbele ya dawati, akanivisha, vidole vyake vya baridi vikigusa shingo yangu.

"Madam Milembe," mwalimu wa zamu alisema, "usinifanyie hivi mbele ya watoto." Ilikuwa sauti ya kuomba zaidi kuliko ya kukemea, na bado namwonea huruma. Nilimaliza kipindi nacho shingoni. Watoto walipata kona, karibu wote. Nikavuka uwanja nacho hadi ofisini, na nilipoketi kikagonga ukingo wa meza, na hakuna mwalimu aliyesema kitu, kwa lugha yoyote.

Ni chepesi, Madam. Hicho ndicho kilichonishangaza. Nilikuwa nakikumbuka kizito.

Kesho yake mkuu aliniita. Alisema kwa upole kwamba nimekuaibisha wewe, marehemu, uliyeijengea shule jina. Niandike barua ya kuomba radhi, aipate Jumatatu. La sivyo fomu yangu itangoja, na kidato cha nne atapewa mwingine. Hayo ya fomu na darasa niliyatarajia. Hilo la kukuaibisha ndilo lililonifuata nje.

Jioni ile nilitembea njia ya Kwihara peke yangu. Hakukuwa na upepo, vumbi lilikuwa limesimama hewani, na sikujua kama nasikia nyayo zangu au za watu wengine. Nilianza kuona mistari. Mstari wa baba na majirani zake. Mstari wa mkuu. Mstari wa mtihani wa watoto. Mstari wako, ule wa zamani, na ule mwingine uliouchora ukiwa mgonjwa kitandani. Nikatafuta mahali panaporidhisha yote, nikatafuta mpaka giza likaanza kuingia kwenye miti, na hapakuwepo. Halafu nikakumbuka ulitufundisha hata hilo. Ulisema kuna masharti ambayo ukiyaandika pamoja hayaachi eneo lolote, na hapo mwanafunzi asilie, arudi ayasome upya, aone lipi si la lazima.

Nikarudi nikayasoma upya. Fomu yangu haikuwa ya lazima. Niliona aibu jinsi ilivyokuwa rahisi kuona.

Nimekukasirikia pia, nisikufiche. Ulikileta wewe, ukaniachia mimi kukitoa, bila hata mstari mmoja wa maandishi. Ungeweza kuandika. Uliweza kuandika isipungue. Nimekasirika kisha nimekumbuka vidole vyako kwenye ile kalamu nyekundu, na hasira imeisha, na kesho yake imerudi. Nadhani itakuwa inakuja na kwenda, kama vile wewe unavyokuja na kwenda alfajiri, nami nitawapisha nyote wawili.

Basi pumzika, Madam. Mwenyezi Mungu akupe wasaa na nuru huko uliko. Nakuahidi kwamba linia sitairuka, mwaka huu wala mwaka wowote nitakaosimama mbele ya watoto, kidato chochote watakachonipa. Na kabla mtoto hajachora mstari wake wa kwanza atanisomea sharti kwa lugha aliyolelewa nayo, iwe Kiswahili, Kinyamwezi au Kisukuma, mpaka nisikie kwamba amelishika. Kiingereza kitafuata. Mtihani ni wa Kiingereza, sijasahau.

Barua ya mkuu nimeipeleka leo saa mbili asubuhi. Nimeiandika kwa Kiswahili, kwa sababu barua zote za ajira ya mwalimu huandikwa Kiswahili, hata hiyo ya kunithibitisha kama ingekuja. Nimeifunga pamoja na madaftari ya aina mbili, ya kabla na ya baada ya kipindi kile cha Kiswahili, na kibao nimekiweka katikati yake. Nimeeleza kwamba aliyekileta alikitoa mbele yangu, na kwamba shahidi ni mmoja tu, na jina lake liko chini ya barua. Radhi sikuomba. Niliomba karatasi za grafu na ruhusa ya kutumia darasa siku za Jumamosi. Karani aliisoma amesimama. Aliniuliza kama nina uhakika, nikamwambia agonge muhuri, akagonga, nikachukua nakala yangu nikaenda kufundisha.

Milembe